Boti Ibaki Marina au Iondolewe? Mwongozo kwa Wenye Vyombo Mombasa Kimbunga Kinapotangazwa

Tangu Mei 2024, mwezi ambao vimbunga viwili, Hidaya na Ialy, vilifuatana kuikaribia pwani ya Afrika Mashariki, swali moja hurudi kila mara Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotoa tahadhari ya upepo mkali: boti iachwe marina (bandari ndogo ya kuegesha boti) ilipofungwa, au ihamishwe? Mwenye kuuliza kwa kawaida ni mtu aliyenunua chombo chake cha kwanza, akakifunga gatini kwa kamba nne alizopewa pamoja na boti, na hajawahi kukiona kikipigwa na kitu kikubwa kuliko kusi la Julai. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Hauhusu meli za Kilindini, zenye taratibu zao na manahodha wao. Unahusu boti za faiba za uvuvi na utalii, yati, na mashua zisizozidi mita 15 hivi.

Jibu kwa ufupi ni hili. Chombo kidogo kinachoweza kuvutwa na watu au kubebwa na trela kipandishwe nchi kavu bila mjadala. Chombo kikubwa zaidi kibaki marina ikiwa marina yenyewe imefaulu vipimo vitatu vilivyoelezwa katika hatua ya 2, na kama haikufaulu, kihamishiwe ndani ya hori (mkono wa bahari unaoingia bara) mapema, kungali na bahari ya kupitika. Kutoka nje ya miamba kwenda bahari kuu kwa nia ya kukikwepa kimbunga ni kazi ya meli kubwa zenye injini za nguvu na mabaharia wa kupokezana zamu, na mwenye boti ya mita 10 asiwaze jambo hilo kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vikusanye mwanzoni mwa msimu, kwa kuwa tahadhari ikishatangazwa, kamba huisha madukani kabla ya wateja kuisha.

- Kamba za nailoni zisizopungua kumi, mbili kati yake ziwe na urefu wa mara mbili ya chombo au zaidi. Kwa boti ya mita 8 unene wa milimita 14 hadi 16 unatosha. Kwa yati ya mita 12 chukua milimita 18 hadi 20.
- Mpira wa maji uliochakaa, au bora zaidi mpira wa wazima moto, wa kuzivisha kamba mahali zinaposuguana na kitu.
- Fenda (mito ya kukinga ubavu wa boti) au matairi mazee ya gari, mengi kuliko unavyodhani yanahitajika.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la Mombasa, na tepu ya kupimia.
- Pampu ya kutoa ngama (maji yanayokusanyika ndani ya chombo) inayofanya kazi, pamoja na betri iliyojaa chaji.
- Kisu kikali, koleo, waya laini wa kufungia, na tochi ya kuvaa kichwani.
- Redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya dharura, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji.
- Hati za usajili na za bima, na picha za chombo ulizopiga siku hiyo hiyo.
- Mtu wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Nadharia kidogo, kwa kiasi cha kukuwezesha kuamua

Mombasa iko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia una athari ndogo mno ya kuupinda upepo ukawa kimbunga kamili, na ndiyo sababu dhoruba nyingi za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo, tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, iliyo digrii 6 tu kusini mwa ikweta, kikaziangamiza merikebu za Sultani Barghash zikiwa bandarini. Hidaya nacho kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na kabla mwezi haujaisha Ialy kikapita baharini mashariki yetu kikielekea kaskazini. Kinachomhusu zaidi mwenye boti wa Mombasa, basi, ni ukingo wa kimbunga: saa nyingi za upepo unaozidi noti 34, yaani kilomita 63 kwa saa, wimbi zito linaloingia mlangoni, na mvua. Jiandae kwa noti 50, na zikija 35 utakuwa umepoteza jasho tu.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake: upepo wa noti 40 huivuta kamba mara nne ya upepo wa noti 20, na wa noti 60 mara tisa. Anayesema kamba zake zilistahimili kusi lote bila tatizo hajasema lolote kuhusu kimbunga. Pili, upande huu wa ikweta upepo hukizunguka kitovu kama akrabu za saa, hivyo ukisimama na kuuelekea upepo, kitovu kipo upande wa mkono wako wa kushoto. Kimbunga kinachopita baharini mashariki yetu kikipanda kaskazini hutuletea kwanza upepo wa kusini-magharibi, kisha wa kusini, na mwisho wa kusini-mashariki, ambao unatoka moja kwa moja baharini. Mahali palipokuwa kimya asubuhi panaweza kuwa pabaya usiku ingawa upepo haujaongezeka, kwa sababu umegeuka tu.

Hatua za kufuata

1. Jipangie saa ya kuamua, kisha uiheshimu. Fuata taarifa za Idara ya Hali ya Hewa asubuhi na jioni, na usome pia zile za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa kuwa kinachotufikia sisi mara nyingi huanza kuonekana kwao. Kimbunga kikitajwa kuwa kinaelekea kati ya Mtwara na Lamu, hesabu saa 72 kabla ya upepo unaotarajiwa na uanze ukaguzi. Saa 48 kabla, uamuzi uwe umeshafanywa na kazi imeanza. Zikibaki saa 24, chombo kisihamishwe tena. Palipo ndipo kitakapopokelea upepo, na muda uliosalia ni wa kamba na fenda. Msimu rasmi wa vimbunga katika eneo letu la bahari huanza Novemba na kumalizika Aprili, lakini Hidaya na Ialy vyote vilikuja Mei, kwa hiyo usivifungie vifaa stoo siku ya kwanza ya mwezi huo.

2. Ipime marina yako. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi wanapotazama uzuri wa mkahawa badala ya urefu wa nguzo.

Kipimo cha kwanza ni nguzo. Gati inayoelea hupanda na kushuka pamoja na maji ikiwa imeshikwa na pete zinazoteleza kwenye nguzo zilizopigwa chini ya bahari, na siku maji yakipanda kupita vichwa vya nguzo, gati zima huchomoka pamoja na boti zote zilizofungwa juu yake. Nenda wakati maji yamejaa siku ya bamvua (siku za mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapojaa na kupwa zaidi), na upime kutoka kwenye pete hadi kichwani mwa nguzo. Ikiwa pamebaki mita 2, pazuri. Pakiwa na mita 1.5, panavumilika. Pakiwa chini ya mita 1, ondoka. Ukipima siku ya maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) utadanganyika, kwani bamvua la Mombasa huleta tofauti inayozidi mita 3 kati ya maji kupwa na kujaa, na juu ya hapo dhoruba ina nyongeza yake: kila hektopaskali moja ya kanieneo ya hewa inayopungua huinua bahari kwa karibu sentimita 1, mbali na maji yanayosukumwa na upepo wenyewe ndani ya hori. Pete nazo uzikague. Ikiwa magurudumu yake yamechakaa na bolti zimeliwa na kutu, urefu wa nguzo hautakufaa kitu.

Kipimo cha pili ni uwazi. Simama mahali boti ilipofungwa, utazame upande wa kusini-mashariki. Ukiona maji matupu hadi mlango wa bahari, wimbi litakufikia, hata kama miamba italivunja nguvu njiani. Marina na magati yaliyo karibu na mdomo wa mkono wa Tudor, upande wa Mkomani na English Point au upande wa Bandari ya Zamani, yapimwe kwa jicho hili hasa. Usihukumu kwa siku ya matlai, upepo ukiwa mpole. Nenda alasiri ya kusi lililochangamka, maji yakijaa, usimame nusu saa uitazame gati inavyocheza. Ikiwa siku hiyo tayari inagonga nguzo na kamba zinakakamaa na kulegea kwa mishtuko, umeshapata jibu.

Kipimo cha tatu ni majirani. Boti yako inaweza kuwa imefungwa vizuri ikavunjwa na ya jirani iliyoachwa na mwenyewe akiwa Nairobi. Tembea gati nzima ukihesabu vyombo vilivyofungwa kwa kamba zilizochanika na matanga yaliyozungushiwa tu mlingoti, na uangalie vilivyo upande upepo utakakotoka, kwani hivyo ndivyo vitakavyokuja kwako. Katika kisiwa cha Tortola, huko Karibea, kimbunga Irma kilipopita mwaka 2017, vyombo vilivyokuwa vimesongamana katika Paraquita Bay, ghuba iliyosifika kwa usalama, viliishia kulaliana kama samaki kwenye kapu. Kujaa kwa mahali pa kujificha nako ni hatari.

3. Linganisha na mahali pengine, kisha uamue. Marina ikifeli kipimo kimoja kati ya hivyo, zipo njia tatu, nami nazipanga kwa utaratibu ambao ningezifuata.

Nchi kavu ni bora kwa karibu kila chombo kinachoweza kufika huko. Boti ya faiba ipandishwe juu ya mstari wa mwani uliokauka, ule unaoachwa na bamvua kubwa, halafu isogezwe tena mbele mita kadhaa. Isiwekwe chini ya minazi. Nazi moja inatosha kuitoboa sitaha, na kuti bichi si jepesi. Boti ndogo ipinduliwe kifudifudi na kufungwa kwenye nanga za kuchimbia ardhini. Yati iliyo juu ya vigingi ifungwe kwa mikanda hadi ardhini, vigingi viunganishwe kwa mnyororo kutoka upande mmoja hadi mwingine visije vikatanuka, na mvuto wa upepo upunguzwe kwa kushusha mlingoti ikiwezekana.

Ndani ya hori ndiko kwenye nafuu kwa mashua na yati zisizopanda nchi kavu. Mkono wa Tudor kuelekea juu, hori ya Mtwapa, na kwa mwenye muda wa kufika, hori ya Kilifi, zote zina mapindo ambamo wimbi la bahari halifiki. Mikoko hukata upepo na matope hushika nanga vizuri. Kamba ukiipitisha kwenye mashina, tumia mkanda mpana na uifunge chini karibu na mizizi, wala usikate hata tawi kujitengenezea nafasi, kwani mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi tangu 1932. Elewa pia kuwa mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji katika Tudor, na mvua ikinyesha bara, magogo na takataka hushuka usiku, kwa hiyo usikite nanga katikati ya mkondo.

Boya liwe la mwisho, isipokuwa unajua kilicho chini yake. Linaloonekana juu halikuambii kama chini kuna zege la tani mbili au injini nzee ya lori.

4. Zungumza na marina na kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Muulize msimamizi kama marina itabaki wazi, kama umeme na maji vitakatwa, nani atakuwa zamu usiku, na kama mkataba wako unawaruhusu kukuamuru uondoke. Iulize kampuni ya bima kama hati yako inagharimia kimbunga kinachopewa jina, na kama inadai chombo kiwe mahali fulani. Majibu uyapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Maneno ya mdomo huyeyuka hasara ikitokea.

5. Ukiamua kuhama, panga safari kwa maji na kwa daraja. Pima urefu wa mlingoti kutoka usawa wa maji, na uuhakikishe dhidi ya nafasi iliyo chini ya daraja la Nyali au la Mtwapa kwa saa utakayopita. Kwa mlingoti, maji kupwa ndiyo rafiki, ilhali kwa kina cha mkuku (uti wa chini wa chombo) ni maji kujaa, na ukizihitaji zote mbili basi saa yako ni katikati, maji yakijaa. Kuingia Mtwapa kutoka nje kunapita kwenye mwanya wa miamba ambao wimbi likishaumuka hugeuka povu tupu, na kwa hiyo safari hiyo ifanywe siku mbili kabla, mchana, pamoja na mtu wa pale anayeujua mlango. Ukipita Kilindini, kaa mbali na njia ya meli na ya feri za Likoni, na usikite nanga humo kwa sababu yoyote.

6. Punguza kinachoshika upepo. Vua matanga yote, pamoja na lile la mbele linalojizungusha, kwa sababu hufunguka lenyewe usiku na kuiyumbisha yati mpaka nyuzi za mlingoti zikatike. Toa turubai, tenti za watalii, viti, mito, maboya, fito za kuvulia, madumu, na injini ya ziada. Kwa boti za vioo (za watalii zenye kioo sakafuni) zenye paa la turubai, ondoa turubai na uache fremu. Kilichobaki kifungwe hadi kisitikisike kwa mkono.

7. Funga upya kamba zote. Usiziongezee mpya juu ya fundo la zamani. Fungua, kagua, anza tena.

Kila kona ya chombo iwe na kamba mbili, na kila moja iende kwenye chuma chake cha kufungia ili kimoja kiking'oka kingine kibaki. Ongeza kamba ndefu za mshazari, moja kutoka omo (mbele ya chombo) kwenda nyuma na moja kutoka tezi (nyuma yake) kwenda mbele, zinazokizuia chombo kusogea mbele na nyuma. Kwenye gati isiyoelea, urefu wa kamba ndio unaokuokoa na maji kupanda na kushuka. Kamba yenye mita 3 inayokabili tofauti ya mita 3 inahitaji ziada ya mita 1.2 na zaidi, kiasi ambacho kinaiacha boti ikirandaranda na kugonga; kamba ya mita 10 kwa tofauti hiyo hiyo inahitaji ziada isiyofika nusu mita. Kwa hiyo fungia mbali, kwenye nguzo ya pili au ya tatu, na ikiwezekana kiweke chombo katikati ya nafasi mbili, kisiguse gati kabisa.

Tumia nailoni, kwa kuwa hunyumbuka na kumeza mshtuko. Kamba za plastiki zinazoelea, zile za rangi ya buluu au kijani za sokoni, hukauka kwa jua zikawa kama majani makavu: ikunje moja iliyokaa sitahani mwaka mzima, na uone unga unaobaki kiganjani.

Kisha ushughulikie msuguano, ambao hukata kamba nyingi kuliko upepo wenyewe. Itazame kamba mahali inapopita kwenye ukingo wa boti au ubavu wa zege wa gati. Ivishe mpira wa urefu wa mita moja, nusu ndani na nusu nje ya ukingo, utoboe mpira matundu mawili na uushone na kamba kwa uzi mnene, kwa sababu mpira usioshonwa husafiri wenyewe na baada ya saa moja utaukuta umelala mahali pasipo na msuguano wowote. Fenda zifungwe chini kiasi, na baina yake na nguzo pawekwe ubao mrefu.

8. Ukitumia boya au nanga, shuka chini ukaone. Mpeleke mzamiaji maji yakiwa yamekupwa. Akwangue uchafu ulioota kwenye mnyororo na apime pete kwa koleo. Pete iliyoliwa theluthi moja ya unene wake haifai. Sehemu mbili huisha kwanza: pete za juu kabisa chini ya boya, na zile zinazogusa chini zikiburutwa kwa kila wimbi. Shakeli zote zifungwe kwa waya ili skrubu isijifungue. Kwa nanga, kina kihesabiwe kwa maji kujaa. Ikiwa una mita 4 za maji kupwa, ongeza 3 za kujaa na 1 ya kimo cha omo, zinakuwa 8, na kwa uwiano wa saba kwa moja unahitaji mita 56 za mnyororo na amari (kamba ya nanga). Wanaoanza hukita nanga maji yakiwa kupwa na kuhesabu 4 tu, kisha wanashangaa saa sita usiku nanga inapoburura.

9. Shughulikia maji ya ndani. Mvua ya milimita 100 katika boti ya wazi yenye eneo la mita za mraba 10 huleta lita 1,000, yaani tani moja. Funga vali zote za chini isipokuwa zinazopitisha maji ya sitaha, safisha matundu ya kutolea maji, na uijaribu pampu kwa kumwaga ndoo kadhaa ndani na kuiacha ijiwashe yenyewe. Pampu inayokula ampea 5 itadumu saa 10 hivi kwa betri ya ampea-saa 100 ikiwa hutaki kuimaliza kupita nusu. Usitegemee umeme wa gati. Chomoa waya huo kabisa.

10. Shuka. Omo ikishaelekezwa upande unaotarajiwa kuwa mbaya zaidi na kila kitu kikawa tayari, chukua hati zako na uondoke. Wapo wanaobaki ndani wakidhani watarekebisha kamba usiku. Upepo ukifika noti 50 mtu hawezi kusimama sitahani, na kamba iliyokakamaa hufungui kwa mikono. Utakachofanya ni kuhatarisha maisha yako kwa ajili ya faiba.

Mambo yakienda kombo

*Jirani hapatikani na boti yake haijafungwa.* Mwite msimamizi wa marina awe shahidi, piga picha, kisha uiongezee boti hiyo kamba kwa idhini ya msimamizi. Ongeza fenda zako upande huo.

*Kamba imeanza kusagika na upepo umeshapanda kidogo.* Usiifungue. Pitisha kamba nyingine pembeni yake, uifunge na kuikaza, ndipo uivishe mpira ile ya kwanza. Ikiwa huwezi kusimama bila kushika kitu kwa mikono miwili, iache.

*Nanga inaburura ukiwa bado botini kabla ya dhoruba.* Ongeza amari kwanza. Isiposhika, ing'oe na uikite upya mahali pengine ungali na mwanga. Nanga ya pili iliyotupwa kwa haraka juu ya ya kwanza huishia kusokotana nayo.

*Marina inakuamuru uondoke zikiwa zimebaki saa chache.* Nenda mahali pa karibu zaidi palipojificha, hata kama si pale ulipopenda, au ipandishe boti ufuoni maji yakijaa mahali penye mchanga mtupu. Wapigie wenyeji wa kamati ya ufuo wa eneo hilo. Wao ndio wanaojua palipo na mwamba chini ya mchanga.

*Upepo umetulia ghafla.* Usikimbilie gatini. Subiri taarifa rasmi, kwa kuwa upepo huweza kurudi kutoka upande mwingine, na wimbi huendelea kuingia saa nyingi baada ya upepo kwisha.

*Boti imekwama ufuoni au kwenye matope.* Isivutwe na boti nyingine kabla ya kukaguliwa chini. Ziba tundu, toa maji, chimba njia kuizunguka, halafu ungoje bamvua linalofuata liinyanyue. Piga picha kabla ya kugusa chochote, la sivyo bima itakuuliza maswali usiyo na majibu yake.

*Injini imezama.* Usijaribu kuiwasha. Itoe majini na uioshe yote kwa maji ya bomba. Ukiona huna fundi siku hiyo, ni afadhali uiache ndani ya pipa la maji matamu kuliko kuiacha ikauke na chumvi ndani. Fundi akifika atoe plagi, amwage maji yaliyomo kwenye silinda, abadilishe oili mara mbili au zaidi mpaka isionekane nyeupe kama maziwa, na waya za umeme zikaushwe na kupuliziwa dawa ya kuzuia kutu kabla ya kuwashwa.